Mlango wa Chiromo: Pointi Zipunguzwe, na Zipunguzwe kwa Nani?

Hoja: Waombaji wa udaktari kutoka maeneo yaliyotengwa wakubaliwe kwa pointi za chini kuliko wenzao. Wanaojadili ni mwalimu wa Kemia aliyefundisha Wajir, daktari wa watoto ambaye pia ni mhadhiri, na mzazi anayeuza mboga katika soko la Kangemi.

MWALIMU: Nianze na karatasi ya tatu ya Kemia, ile ya vitendo. Mtahiniwa wa shule kubwa ya Nairobi ameizoea bureti tangu kidato cha kwanza. Anajua kulegeza mfereji wake kwa vidole viwili, tone kwa tone, mpaka rangi igeuke, kisha anainama macho yawe sawa na kipimo ndipo asome. Miongoni mwa wanafunzi wangu kule Wajir, walikuwapo walioishika mara ya kwanza siku ya mtihani wenyewe. Wote walisahihishwa kwa mwongozo mmoja. Huyu akapata A, yule akapata B. Anayeniambia kwamba tofauti hiyo ni ya akili, anionyeshe aliipima lini. Ninachodai ni kwamba mwanafunzi huyo anapoomba kusomea udaktari, pointi zake zipimwe pamoja na mahali alipozichumia.

DAKTARI: Nami naanzia wodini, Mwalimu. Mtoto wa kilo 6 ameletwa usiku, ana degedege. Dawa yake hupimwa kwa miligramu kwa kila kilo ya uzani. Nukta ya desimali ikisogea nafasi moja kulia, amepewa mara kumi ya kipimo chake. Kosa hilo halijui kama aliyelifanya alisoma shule yenye maabara au isiyo nayo. Halafu kuna masomo yenyewe. Mwaka wa kwanza pale Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, tunawamiminia anatomia, fiziolojia na biokemia kwa pamoja. Anayeingia na msingi mwembamba huanza kurudia mitihani mapema, na wengine hukata tamaa njiani. Kumfungulia mtu mlango kisha ukamwacha azame ukumbini, mimi siuiti huo ukarimu.

MWALIMU: Basi tutenganishe vitu viwili vinavyochanganywa kila siku. Kipo kiwango cha chini cha kusomea udaktari nchini: wastani wa B katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na B katika Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Hicho hulindwa na baraza la madaktari, KMPDC, hapo Kilimani, na sijaomba kiguswe. Kando yake kuna pointi za klasta, zinazotumiwa kugawa nafasi. Juu kabisa ni 48. Nafasi ni chache, waombaji ni wengi, kwa hiyo mstari hupanda mpaka alipoishia mtu wa mwisho aliyepata nafasi. Kwa udaktari huwa juu, umepita 40. Mwanafunzi wangu wa B+ amekwisha kufuzu kwa mujibu wa kanuni zenu wenyewe. Alichokosa ni nafasi. Ukimzungumza kana kwamba ni mtu asiyejua kuhesabu miligramu, unabishana na kanuni zenu, hubishani nami.

DAKTARI: Kiwango cha chini hakikuwekwa kiwe shabaha. B ni pointi 60 hadi 66 kati ya 84. A ni 81 kwenda juu. Hizo si pointi za kupuuza. Ukiwa na nafasi mia na waombaji elfu waliovuka kiwango cha chini, utachagua kwa kipi? Kura ya bahati? Mtihani una kasoro zake, ila anayesahihisha hamjui mtahiniwa wala baba yake ni nani. Nitajieni kipimo kingine ambacho mwenye jina kubwa hawezi kukipindisha.

MWALIMU: Mwenye jina kubwa hakuhitaji kukipindisha, alikinunua. Mwaka wa 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha Moduli ya Pili, wanafunzi wa kujilipia karo. Aliyekosa pointi za kufadhiliwa na serikali, mradi alikuwa na kiwango cha chini na mzazi mwenye akaunti nzito, aliingia kusomea udaktari. Walikaa ukumbi mmoja na waliopata A, wakapasua maiti zilezile, wakafanya mitihani ileile. Leo wanatibu. Wagonjwa wao hawakuandamana hadi Hospitali ya Kenyatta kudai waonyeshwe vyeti vya KCSE. Kwa hiyo pointi za chini zilipokuja na hundi hazikuhatarisha mtoto wa kilo 6. Zimekuwa hatari sasa zinapokuja na vumbi la Wajir?

DAKTARI: Sikatai kwamba fedha zilifungua mlango. Ila kosa la jana haliwi kanuni ya leo. Na wewe umekiri jambo muhimu: walifanya mitihani ileile. Waliofeli walifeli. Huo ndio ukuta ninaoulinda, kwa sababu shinikizo haliishii mlangoni. Ukishamwingiza mtu kwa sera, itakuja sera ya kumtoa akiwa na shahada.

MZAZI: Naomba niingie hapo. Mnabishana kana kwamba Kenya ina pembe mbili tu, Wajir na Nairobi. Mimi nauza mboga Kangemi. Ng'ambo ya Waiyaki Way ni Loresho. Upande wa pili wa bonde ni Lavington. Watoto wa mitaa hiyo mitatu wanaandikwa kaunti moja. Binti yangu alisoma shule ya kutwa, darasa limejaa hadi wengine wanaandikia mapajani, akapata A-. Udaktari ukampita. Sasa mchukueni kijana ambaye asili ya baba yake ni Garissa, nyumba yao iko Kileleshwa, na shule aliyosoma ina bwawa la kuogelea. Kanuni yenu ikitazama kaunti ya asili, ni nani atakayepunguziwa pointi? Katiba, Kifungu cha 27(7), inasema faida za hatua kama hizi zitolewe kwa msingi wa mahitaji halisi. Ukoo haukutajwa hapo.

MWALIMU: Mama, kwa hilo sina ugomvi nawe. Dawa yake ipo kwenye nambari ya mtihani. Nambari ya KCSE ina tarakimu 11, na 8 za kwanza ni za kituo, yaani shule. Kompyuta ya KUCCPS, wanaogawa nafasi za vyuo, haina haja ya kujua baba ametoka wapi. Isome shule tu. Kijana wa Kileleshwa atahesabiwa na wenzake wa Kileleshwa, na binti wa mchungaji wa mbuzi aliyesoma Wajir atahesabiwa wa Wajir.

MZAZI: Mwalimu, wewe hujakaa na wazazi wa Nairobi. Mwaka wa 2011 serikali ilipogawa nafasi za shule za kitaifa ili watoto wa shule za msingi za umma wapate sehemu kubwa, wenye pesa walianza kuulizana ni shule gani ya umma watamsajili mtoto akafanyie mtihani huku anaendelea kusoma kwingine. Ukisema shule ya Wajir inapunguziwa pointi, kidato cha nne kule kitajaa majina ambayo mwalimu wa darasa hajawahi kuyaita.

MWALIMU: Weka sharti la miaka minne katika shule hiyohiyo. Mzazi wa Kileleshwa aliye tayari kumpeleka mwanawe Wajir kidato cha kwanza, akalala bweni lile na kuoga kwa maji ya lori kwa miaka minne, huyo mpe pointi zake. Atakuwa amezichuma.

MZAZI: Sawa. Na Kangemi je? Tume ya Ugavi wa Mapato ilipotaja kaunti zilizotengwa mwaka wa 2013 zilikuwa 14: Turkana, Mandera, Wajir, Marsabit na nyinginezo hadi Lamu. Nairobi haikuwamo, na haitakuwamo kamwe, kwa sababu ukichukua mshahara wa Loresho ukauchanganya na kibarua changu unapata wastani unaopendeza. Serikali hiyohiyo tangu 2023 inatupima uwezo, familia kwa familia, ili ijue karo ya kumtoza kila mwanafunzi. Kumbe inajua kunitofautisha na jirani yangu inapotaka pesa. Mbona inasahau inapogawa nafasi?

MWALIMU: Kwa sababu upimaji huo wenyewe ulizua malalamiko kila kona, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikautangaza mfumo huo wa ufadhili kuwa kinyume cha Katiba, serikali ikakata rufaa. Ukitegemeza nafasi za udaktari kwenye fomu ya kujieleza umaskini, atakayejua kuijaza ndiye atakayeshinda. Na nikwambie ukweli, Mama, ingawa utaniudhikia. Umaskini wa Kangemi na wa Wajir haulingani. Binti yako Jumamosi anaweza kupanda matatu hadi maktaba ya McMillan, katikati ya mji. Mwalimu wake wa Fizikia akiacha kazi, wanaoomba nafasi hiyo wanapanga foleni. Wajir, baada ya basi kushambuliwa Mandera Novemba 2014 na abiria 28 kuuawa, walimu wasio wenyeji walikataa kurudi. Mwaka wa 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, Garissa, na tume ya walimu, TSC, ikawahamisha walimu wa kutoka nje ya eneo hilo kwa wingi. Kuna watoto waliofanya KCSE ya Fizikia bila mwalimu wa Fizikia.

MZAZI: Nauli ya kwenda McMillan na kurudi ndiyo sukuma wiki na unga wa jioni. Maktaba iko karibu kwa mwenye nauli. Lakini la walimu nimelisikia, na sitakujibu kwa kushindana nani kaumia zaidi. Ninachokataa ni mtoto wangu kufutwa kwenye hesabu kwa sababu kuna aliyeumia kuliko yeye.

DAKTARI: Hapo ndipo ninapotaka tufike. Mwalimu ametaja walimu, maabara, mabweni. Hayo yote yako kabla ya Chiromo. Deni likiwa la shule, lilipwe shuleni. Kupunguza pointi ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote kwa serikali: haijengi kitu, haimwajiri mtu, inabadilisha tarakimu kwenye kompyuta kisha inapiga picha na wanafunzi wachache waliofaulu. Angalia Hazina ya Usawazishaji iliyoundwa na Kifungu cha 204 cha Katiba. Nusu asilimia ya mapato kila mwaka, kwa miaka 20. Imetajiwa maji, barabara, vituo vya afya na umeme. Shule haikutajwa. Kwa nini hamlipigii kelele hilo kabla ya kunijia mimi?

MWALIMU: Tunalipigia. Ila usilitaje kana kwamba ni bahati mbaya. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965 uliandika waziwazi kwamba fedha za maendeleo zielekezwe kule zitakakozalisha zaidi. Kaskazini kulionekana hakuzalishi. Hali ya hatari kule haikuondolewa kisheria hadi 1991. Hivyo maabara yangu tupu ilipangwa ofisini, ikapigwa muhuri. Ndiyo maana Kifungu cha 56 kikaiamuru Serikali iweke mipango ya kuyapa makundi yaliyotengwa nafasi maalumu katika elimu, na Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, iliyounda KUCCPS, ikaiagiza iandae vigezo vya usawazishaji kwa waliotengwa, jamii ndogo na watu wenye ulemavu. Tunachojadili hapa ni jinsi ya kutii sheria.

DAKTARI: Na jinsi ndiyo hoja yangu. Majirani wametuonyesha njia mbili. Makerere tangu 1990 iliwaongezea wasichana wote pointi 1.5. Hata sisi, bodi ya pamoja ya udahili, JAB, iliwapunguzia wasichana pointi. Idadi ilipanda, lakini waliofaidi zaidi Makerere walikuwa wasichana wa shule nzuri na familia zenye uwezo. Mama amelisema vizuri kuliko watafiti. Dar es Salaam ilichukua njia nyingine miaka ya 1990: wasichana waliokaribia kiwango cha kozi za sayansi waliitwa mapema, wakafundishwa hesabu na sayansi, wakapewa mtihani, na waliofaulu ndio wakaingia. Hiyo naiunga mkono. Mlete mwanafunzi wako wa B+ mapema, tumpe maabara aliyonyimwa, kisha tumpime.

MWALIMU: Naikubali. Lakini tazama vizuri ulichokikubali. Dar iliwaita wasichana ambao pointi zao hazikutosha kwenye ushindani. Wangengoja watoshe kwanza, wasingeitwa. Kwa hiyo na wewe umepunguza pointi, umeongeza tu darasa katikati. Karibu upande wetu.

DAKTARI: Usinivishe kanzu kabla sijasilimu. Tofauti ni mtihani wa pili. Wewe unataka mstari ushuke na mtu aingie moja kwa moja. Mimi nataka athibitishe. Mstari ukishuka bila uthibitisho hauna breki. India wana mtihani wa kitaifa wa madaktari wanaotaka kubobea. Mwaka wa 2023 kiwango kilishushwa hadi kila aliyeufanya akahesabiwa amefuzu, hata aliyeshika mkia.

MWALIMU: Na kilishushwa kwa makundi yote, Daktari, si kwa makundi yaliyotengewa nafasi peke yao. Nafasi zilikuwa zinabaki wazi vyuoni. Huo mfano wako unamshtaki mwingine kabisa. Na kama tunazungumzia imani kwa tarakimu: KCSE ya 2015 ilitoa A zaidi ya 2,600. Ya 2016, udanganyifu ulipobanwa, zikawa 141. Akili za Wakenya hazikuporomoka kwa miezi kumi na miwili. Alama ni chombo, na chombo hicho kimewahi kusoma uongo.

DAKTARI: Kimesoma uongo mikononi mwa waongo. Kilipobanwa kikasema kweli. Mimi nachukua funzo tofauti na mwaka huo: kaza mtihani, usiulegeze mlango.

MWALIMU: Basi niulize la hospitali. Mwaka wa 2018 serikali ilileta madaktari 100 kutoka Cuba, wagawiwe kaunti ambazo mabingwa wetu hawakai. Aprili 2019 wawili wakatekwa nyara Mandera wakienda kazini, na 2023 serikali ikaamua kutouhuisha mkataba. Shirika la Afya Duniani tangu 2010 limependekeza vyuo vilenge kudahili vijana waliokulia mashambani, kwa sababu hao ndio wenye uwezekano mkubwa wa kurudi kufanya kazi huko. Wewe unalinda ubora wa daktari. Daktari asiyekuwapo ana ubora gani?

DAKTARI: Pendekezo hilo nalijua na silipingi. Lakini halikusema asili peke yake inatosha. Wapo madaktari wazaliwa wa kaskazini walio na kliniki Upper Hill na Parklands, na siwalaumu, maana wana watoto wa kusomesha kama sisi. Mwaka wa 2024 madaktari waligoma siku 56, kiini kimojawapo kikiwa malipo ya wale walio mafunzoni: makubaliano ya 2017 yalisema takriban shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikataka kuwalipa 70,000. Kijana asome miaka sita, kisha asote nyumbani akingoja kituo cha mafunzo. Unamtarajia arudi Wajir kwa nauli ya nani?

MZAZI: Kama shida ni hospitali ya Wajir, muulizeni mwombaji yuko tayari kwenda wapi. Andikeni mkataba: pointi zako zinapunguzwa, na ukihitimu unatumikia miaka mitano kule utakakotumwa. Binti yangu atautia sahihi kesho. Wangapi wa Kileleshwa wataugusa?

MWALIMU: Wazo zuri, Mama, na mkataba huo naukubali. Ila ngoja nikuonyeshe kitu nilichokiona. Mwanamke analetwa kituo cha afya, mimba imeharibika, damu inatoka. Daktari ni kijana mzuri wa kutoka huku. Hajui Kisomali, mwanamke hajui Kiswahili. Muuguzi hayupo, kwa hiyo anaitwa mlinzi wa lango awe mkalimani. Mwanamke anamtazama yule mwanamume, ambaye pengine ni ndugu wa mumewe, anasema anaumwa na kichwa. Binti yako ataenda kwa moyo safi, na ataambiwa kichwa.

DAKTARI: Lugha hufundishwa.

MWALIMU: Hufundishwa. Chuo chako kimewahi kuifundisha?

DAKTARI: Bado. Na nitaiunga mkono itakapoletwa. Lakini unaona unavyohama: ulianza na haki ya mwombaji, sasa uko kwenye haki ya mgonjwa. Ukitetea mwombaji, Mama ana hoja sawa na yako. Ukitetea mgonjwa, basi kila aliyepunguziwa lazima afungwe na mkataba, na akiuvunja alipe. Huwezi kudai zote mbili kisha ukawaachia waende watakako.

MWALIMU: Kijana wa Lavington anayesomeshwa kwa kodi yangu anafungwa na mkataba gani? Anahitimu, anapanda ndege kwenda Uingereza. Mkifunga, fungeni wote.

MZAZI: Sasa mniambie kitu kimoja ambacho mmekizunguka tangu mwanzo. Nafasi ni zilezile. Mkimwingiza mmoja kutoka chini ya mstari, kuna mmoja aliye juu kidogo ya mstari anatoka. Huyo hawi wa Lavington. Yule ana pointi za kutosha, na asipokuwa nazo atalipiwa chuo cha kibinafsi au ng'ambo. Anayesukumwa ni yule aliyejikongoja kutoka shule ya kutwa akafika ukingoni. Ni binti yangu. Mtakapoandika kanuni yenu, andikeni pia ni nani anayeilipia.

MWALIMU: Haki yako kuuliza. Nami nikuulize: miaka yote mstari ulipokaa ulipokaa, aliyekuwa akilipia ni nani?

MZAZI: Wanafunzi wako. Ndiyo sababu sitaki deni lihamishwe kutoka kwa maskini mmoja hadi kwa mwingine. Ziwe nafasi za nyongeza, juu ya zile za kawaida, asiondolewe mtu.

DAKTARI: Nyongeza ya wapi, Mama? Udaktari haufundishwi kwa kipaza sauti. Kitanda kimoja cha mgonjwa kinazungukwa na wanafunzi mpaka wa nyuma wanasikia kikohozi bila kumwona anayekohoa. Mgonjwa huyo anapapaswa tumbo mara ngapi kwa siku? Kila nafasi mpya inataka mhadhiri, kitanda na mgonjwa aliyekubali.

MZAZI: Kuanzia 1998 mlipowapokea wa kujilipia, vitanda mlivipata wapi? Pesa zilipokuwa mezani, nafasi ilionekana. Leo anayebisha hodi hana pesa, ndipo mmekumbuka kuhesabu vitanda.

DAKTARI: Wale walikuja na karo zao, na hata hivyo kumbi zilifurika. Hawa wa sasa, nani atawalipia mhadhiri? Hazina ya Taifa ikikataa, mtaniletea wanafunzi au mtaniletea lawama?

MWALIMU: Hazina iulizwe, lakini iulizwe wanafunzi wakiwa wamekwisha kukaa darasani. Tangu 1965 tumeiuliza wakiwa nje, haikujibu.

MZAZI: Na wa Kangemi wawe ndani nao siku hiyo. La sivyo, Mwalimu, mimi napiga kura na Daktari.